Monari Hakuwa Mwoga: Maisha ya Hezron Monari Nyamweya, 1940–1969

Jumapili hii, tarehe 23 Februari 1969, tumekusanyika hapa Lambwe kumzika Hezron Monari Nyamweya. Mimi ni Kemuma, dada yake mkubwa, mwalimu wa darasa la tatu. Nasoma kwa Kiswahili ili Wagusii, Wajaluo na Wasuba mliopo msikie wote pamoja na mgeni wetu wa Kehancha, na baadaye asitokee mtu wa kusema hakuelewa. Wazee wamenionya kwamba marehemu hasemwi vibaya. Sina nia hiyo. Marehemu hana ubaya wa kusemwa, na kuhusu walio hai sikukatazwa neno.

Mnajua mila yetu Wagusii. Kabla udongo haujarudi shimoni, mzee wa ukoo huuliza kama kuna mwenye neno juu ya marehemu. Asiyesema wakati huo amefunga mdomo, na hana ruhusa ya kuufungua tena. Kwa karibu miaka miwili ndugu yangu ameitwa mwoga katika bonde hili. Mwanawe ameanza shule mwezi uliopita tu, na tayari wenzake wanamwita mtoto wa mwoga. Leo nataka neno hilo ama lizikwe, ama mwenye nalo alisimamie mbele ya watu. Ndilo lililonileta hapa, na mtanivumilia nikirefusha.

Monari alizaliwa tarehe 14 Mei 1940 huko Kitutu, katika milima ya Kisii, mtoto wa nne kati ya sita wa Mzee Nyamweya na Mama Nyamoita. Mama, aliyeketi hapo mbele, husema alikuwa mtoto mzito wa kubeba na mwepesi wa kutii. Alipokuwa na miaka saba hivi, Mama alimwachia ndama wa jirani amchunge hadi yeye arudi kutoka sokoni. Njiani Mama akapitia matanga, akasahau kabisa. Mvua ya mawe ikanyesha. Jirani mwenyewe akaja akamchukua ndama wake akaenda zake. Monari akabaki amekaa pale pale, amelowa, bila ndama, kwa sababu aliambiwa asubiri hadi Mama arudi. Tulimcheka mwaka mzima. Ndivyo alivyokuwa: ukimpa neno analishika, hata likiwa halina maana tena.

Mwaka 1953 familia yetu ilihamia hapa Lambwe, wakati serikali ya wakoloni ilipokuwa ikifyeka vichaka na kugawa mashamba. Tuliambiwa mbung'o wamekwisha. Waliotuambia walikuwa wakiishi Kisumu. Baba akaamini, akajenga, akapanda mahindi na pamba, na sisi tukajifunza kupiga nzi kwa tawi huku tukilima.

Monari alisoma shule ya kanisa hadi darasa la nane, akamaliza mwaka 1957. Mimi ni mwalimu, sitapamba. Hesabu zilimshinda, na Kiingereza chake kilikuwa cha kuombea maji. Lakini katika mbio za shule hakuwa na mwenzake kutoka hapa hadi Homa Bay, na hakuwahi kupigwa kiboko kwa utoro au kwa uongo. Mwalimu wake mmoja alimwandikia kwamba anafaa kazi za mikono. Mwalimu huyo aliandika hivyo kwa kila mtoto aliyetoka Lambwe, kwa hiyo hatukuona fahari wala aibu.

Kutoka 1958 alifanya kazi katika ghala la pamba Homa Bay, karibu na gati ya meli. Alibeba marobota. Siku ya kwanza alimwambia tajiri wa ghala kwamba Jumamosi hafanyi kazi, kwa kuwa ni Msabato. Tajiri akamwambia basi na Jumapili asije, wala Jumatatu. Monari akashukuru akaondoka. Jumatatu tajiri alimtuma mtu kumtafuta, maana Ijumaa ile alikuwa amebeba mzigo wa watu wawili. Tangu hapo Jumapili alifungua ghala peke yake na kupanga marobota huku akiimba nyimbo za kanisa kwa sauti mbaya. Sauti yake ilikuwa mbaya kweli, na wote mliowahi kukaa benchi moja naye mnajua.

Tarehe 9 Desemba 1962 alimwoa Zilpah Awino, binti wa mvuvi wa Kisegi. Kulikuwa na maneno. Wagusii waliuliza kama wasichana wa Kitutu wamekwisha, na Wajaluo waliuliza kama huyu mtu wa milimani atajua kula samaki. Siku ya kwanza ukweni aliandaliwa mumi, samaki asiye na magamba, ambaye sisi Wasabato hatuli. Akala ugali na mboga, akashukuru, akaomba aongezwe mboga. Baba mkwe akauliza mbele ya wote kama hicho ni kiburi au ni msimamo. Onyango, kaka yake Zilpah, akajibu kwamba jawabu lingejulikana siku ya njaa. Mwaka uliofuata walijaliwa Yakobo, na mwaka 1965 wakampata Mellen. Zilpah hajawahi kuniambia kwamba alijuta, na wifi yangu si mtu wa kuficha majuto.

Machi 1964, jeshi la nchi yetu mpya lilikuja kuandikisha vijana katika uwanja wa Homa Bay. Walipimwa vifua, wakatazamwa meno na nyayo, wakakimbizwa hadi wengine wakatapika. Monari akachukuliwa. Nyumbani tulichinja mbuzi. Kanisani, kamati ilikutana chini ya uenyekiti wa Mzee Bichage, na kabla Monari hajafika kambini walikuwa wamemfuta ushirika kwa kosa la kushika bunduki. Hakuitwa kujieleza. Mzee Bichage, naona umeinamisha kichwa kama mtu anayeomba. Hatujafika kwenye maombi.

Jeshini alipelekwa kaskazini, kulikokuwa na mapigano. Alirudi likizo mara moja tu, amekonda. Alitueleza kwamba alipatana na wenzake: yeye ashike zamu zao za Jumapili, nao washike zake za Jumamosi. Mapatano hayo hayakushika kila wiki, maana risasi hazina kalenda. Hakutueleza zaidi ya hapo. Aliomba uji, akalala, akaamka akarekebisha paa la Mama.

Sasa lazima niwaeleze juu ya mabingwa wetu wa sokoni, kwa sababu bila wao hadithi hii ingekuwa fupi. Bwana Ongeri, fundi cherehani, anaitwa Sajini na kila mtu. Cheo hicho alikipata kwa kukaa Nairobi miezi minane akishona vifungo vya kaki katika duka lililokuwa jirani na kambi. Jioni zote, barazani kwake, yeye na wenzake hushindanisha majeshi ya ulimwengu. GSU, polisi wa kuzima ghasia, na askari wa miavuli, nani mkali? Makomando wa Kiingereza wakikutana msituni na mamluki wa Kongo, nani atatoka? Mwaka 1967 Waisraeli waliposhinda vita vyao kwa siku sita, baraza hilo lilikaa mwezi mzima bila nguo hata moja kushonwa. Wamepanga vikosi vyote vya dunia kwa daraja, wa kwanza hadi wa mkia. Wanajua kila kikosi kinaingiwa vipi, mtu hulazwa na njaa kiasi gani, hubebeshwa nini, hurushwa kutoka wapi. Na hakuna hata mmoja kati yao aliyewahi kukimbia kutoka barazani hadi mtoni, ambako ni mteremko.

Mwaka 1966 Monari aliomba kuingia kikosi cha miavuli, kilichokuwa kipya. Habari zilipofika hapa, Ongeri alinunua chai ya watu wote. Alisema yeye ndiye aliyemfundisha kijana yule nidhamu. Alimwita mtu wetu. Kwa majuma kadhaa Monari alikuwa mtoto wa baraza zima, na hata Mzee Bichage alionekana akipita pale kuulizia, ingawa alikuwa amemfuta.

Kisha Aprili 1967 Monari akarudi nyumbani, ametolewa jeshini kabisa, bila bawa, ile beji ya miavuli, kifuani. Alipoulizwa, alijibu neno moja: sikufaulu. Alinijibu hivyo mimi, akamjibu hivyo Baba, akamjibu hivyo Zilpah. Halafu akachukua jembe.

Mtu akikaa kimya, wasemaji humjazia. Haikupita wiki, Ongeri alikuwa tayari na masimulizi. Monari amepandishwa ndege. Mlango umefunguliwa. Monari ametazama chini, ameshika vyuma kwa mikono miwili, amelia akimwita mama yake, na Wazungu wamecheka. Ongeri aliyasimulia hayo kwa vitendo, akishika nguzo ya baraza. Nilimsikia kwa masikio yangu akimalizia hivi: "Paratrupa ni mtu ya kufa, si mtu ya kuimba nyimbo. Huyu wetu ni mwoga, tuseme tu ukweli." Watu walicheka. Wengi wenu mliocheka mmevaa vizuri leo.

Mgeni wetu wa Kehancha anaitwa Nyamohanga. Ni Mkuria, na ni askari wa miavuli wa kweli, mnaweza kuliona bawa hilo kifuani pake. Alikuwa likizo kwao aliposikia jina la Monari katika matangazo ya vifo redioni, akafika hapa Alhamisi. Tangu afike amepasua kuni, amechota maji na kunyamaza. Bwana Ongeri alimfuata mara tatu kumwuliza kama miavuli ni wakali kuliko GSU, na mara zote tatu alijibiwa kwamba hapa ni matanga. Nilipompelekea chai, nilimwomba aniambie ndugu yangu alilia vipi mlangoni mwa ndege. Akaniangalia kama mtu aliyeulizwa juu ya mwezi. Akasema Monari hakupanda ndege yoyote. Hakufika huko. Ndege ilikuwa ya waliofaulu matembezi.

Nitaeleza kama alivyonieleza. Walioomba walikuwa wengi na waliotakiwa walikuwa wachache. Kwanza walikimbizwa na mizigo mgongoni, kisha wakanyimwa usingizi, kisha wakanyimwa chakula na kuamriwa kukimbia tena. Hakuna aliyefukuzwa kwa kupigiwa kelele. Sajini Mzungu alikuwa anauliza kwa upole tu kama mtu amechoka, na anayekubali anaonyeshwa lori la kurudi. Nyamohanga anasema waliopanda lori kwanza ni wale waliokuwa wakizungumza sana juu ya vikosi. Mwili, anasema, si neno kubwa. Miili mikubwa ilipanda lori mapema. Kilichotafutwa ni mtu ambaye akishika jambo haachi, hata pasipokuwa na anayemtazama.

Mtihani wa mwisho ulikuwa kutembea milimani, kila mtu peke yake na mzigo kamili, kutoka Jumatano asubuhi hadi kambini Jumamosi adhuhuri. Atakayechelewa amekwisha. Kufikia Ijumaa mchana Monari alikuwa mbele ya wote. Mchana huo alisimama mapema akapika chakula cha siku mbili, kama Mama anavyofanya nyumbani kila Ijumaa. Jua lilipogusa mlima, akatua mzigo, akavua buti, akakaa chini.

Sajini akaja na Landrova. Akadhani amevunjika mguu. Monari akamwambia mguu ni mzima, ila Sabato imeingia, na atatembea tena jua la kesho likizama. Nyamohanga alikuwa ameshafika hapo, kwa hiyo haya aliyasikia mwenyewe. Sajini hakukasirika. Alimwuliza kama adui naye hupumzika Jumamosi.

"Adui akija nitasimama, Afande," Monari alisema. "Kule kaskazini nilisimama Jumamosi nyingi. Ng'ombe akitumbukia shimoni hutolewa hata Sabato. Lakini hii ni beji."

Sajini akamwambia kwamba asipoinuka amekosa nafasi yake. Monari akajibu kwamba anaelewa. Landrova ikaondoka. Ndipo Monari akamwita Nyamohanga, ambaye chupa yake ilikuwa imekauka tangu mchana na midomo imepasuka, akampa maji yake karibu yote. Nyamohanga alikataa kwanza, maana ni kosa kupokea, na ni ujinga kutoa. Monari akamwambia aliyekaa hana kiu ya kumzidi anayetembea.

"Mwalimu, mimi sina maneno mingi," Nyamohanga aliniambia, kikombe kikimpoa mkononi. "Hiyo maji ndiyo ilinifikisha. Hii bawa ninavaa, nusu ni yake. Na nilinyamaza, kwa sababu yeye mwenyewe aliniambia ninyamaze."

Monari alikaa mlimani Sabato nzima. Jua lilipozama alivaa buti, akabeba mzigo wote, akatembea hadi kambini, akafika Jumapili asubuhi watu wakinywa chai. Alikuwa amekwisha kuanguka mtihani na alijua hivyo. Hata hivyo aliupeleka mzigo kwenye mizani. Askari wa mizani akaupima kwa mazoea, bila kuhesabu maji na chakula, akaukuta haujapungua, akamwuliza jina. Monari akalitaja, akaambiwa halimo tena. Akasema asante. Alirudishwa kwenye kikosi chake cha zamani, akafunguliwa mashtaka ya kukaidi amri, na miezi michache baadaye akatolewa jeshini.

Sasa niwaulize ndugu zangu Wasabato. Huyu mtu alikalia Sabato ya kanisa gani? Alikuwa amefutwa. Hakuwa na mchungaji wa kumwona, wala mzee wa kumsifu, na hakuna mama wa Dorkasi, kile chama cha akina mama wa kanisa, ambaye angempelekea habari njema Mzee Bichage. Alipoteza kitu alichokitamani kuliko vyote kwa ajili ya siku ambayo sisi, tulioandikwa vitabuni kwa wino mweusi, huimalizia kwa kusinzia mahubiri ya alasiri. Aliporudi aliomba kupokewa tena. Kamati ikamwambia asubiri, ionekane kwanza matunda ya toba. Akakaa benchi la nyuma, mlangoni, kila Sabato, mpaka alipougua. Nadhani ndiyo sababu hakusema. Angesema, Mzee Bichage angemrudisha siku hiyo hiyo na kumzungusha makanisani kama ng'ombe wa maonyesho.

Kwa kuwa tunapenda kushindanisha vikosi, nami nitashindanisha. Kikosi cha miavuli kilimpa Monari mzigo na njia, kikamwambia atembee. Kamati ya kanisa hili haikumpa hata mzigo. Ukipima ugumu wa kuingia, Mzee Bichage, wewe umemshinda yule Mzungu, na ukitaka nitakushonea beji. Lakini anayewashinda wote ni mbung'o wa Lambwe, ambaye hana kambi wala bendera, huja mchana kweupe, na haulizi mtu kama amechoka.

Oktoba 1968 Monari alianza kuumwa kichwa na viungo. Shingoni akatoka tezi. Kisha akaanza kusinzia mchana, shambani, jembe likiwa mkononi. Sisi tulioishi bonde hili tangu 1953 tunajua dalili hizo hata gizani. Ongeri naye anazijua. Lakini barazani ilisemwa kwamba mwoga sasa amekuwa mvivu, kwamba jeshi limemharibu, kwamba anamlimisha mwanamke wa watu huku yeye amelala kivulini. Maneno hayo yalimfikia Monari. Akaanza kula akiwa amesimama ili asisinzie. Akawa analima jua la saa saba, wakati wa mbung'o wenyewe, ili watu wapitao barabarani wamwone.

Zilpah alimsihi. Alimwita baba wa Yakobo kwa Kijaluo: "Wuon Yakobo, hii si uchovu. Hii ni maugo, malale ya mbung'o. Wacha twende wakutoe damu."

Alimjibu: "Nikilala hospitali, watasema nimekimbia jembe pia."

Naomba mlisikie jibu hilo vizuri. Dawa ya malale ipo. Ni kali, lakini ipo, na huponya anayewahi. Ndugu yangu hakuwahi kwa sababu ya maneno ya mshona vifungo. Hakuogopa sindano wala hakuogopa kufa. Aliogopa kuthibitisha uongo wenu. Huo ndio woga wa pekee niliouona kwake maisha yake yote, na ni ninyi mliompa. Ninawadharau kwa hilo, na sitaficha kwamba ninawadharau.

Mwishoni mwa Januari alianguka shambani asiinuke. Gari halifiki kwetu. Zilpah alituma watu barazani kuomba wanaume wanne wa kumbeba hadi barabarani. Walikuwapo wanaume kumi na zaidi. Jibu lililokuja ni kwamba jua ni kali, wangekuja likipoa, na tena ni vizuri kwanza kujua kama malale haiambukizi mtu akimshika mgonjwa. Wanaume wanaojua jinsi komando anavyombeba mwenzake majeruhi chini ya risasi. Walijadili hilo pia, nimeambiwa, namna mbili tatu za kubeba, ipi ni bora.

Waliombeba ni wanawake: Zilpah, mama wawili wa Dorkasi, na jirani yetu Leonida, ambaye ni Mkatoliki na hakuwa na haja ya kuuliza kamati ya mtu. Walimlaza juu ya mlango waliong'oa jikoni. Walipumzika njiani mara nyingi, wakalia, wakaendelea. Sikuwapo, nilikuwa darasani, nami nawashukuru leo mbele ya watu. Hospitalini walianza kumdunga sindano siku hiyo hiyo, lakini ugonjwa ulikuwa umeshaingia kichwani. Siku za mwisho alimwita Zilpah kwa jina langu na mimi kwa jina la Mama. Alifariki Jumanne asubuhi, tarehe 18 Februari 1969, akiwa na umri wa miaka ishirini na minane.

Kamati ya mazishi iliketi Ijumaa. Mzee Bichage alipendekeza tuandike kwamba marehemu alikuwa mshiriki mwaminifu wa kanisa. Nimekataa. Hakuwa mshiriki, mlimfuta, na mkitaka kumwandika tena leo mjiulize ni nani atakayefaidika. Andikeni tu kwamba alikuwa mwaminifu. Bwana Ongeri naye ameomba nafasi ya kupiga saluti kaburini. Asipige. Kama kuna saluti, itapigwa na Nyamohanga, na kama hataki, basi hakuna.

Marehemu ameacha mjane, Zilpah Awino, na watoto wawili, Yakobo na Mellen. Ameacha wazazi, Mzee Nyamweya na Mama Nyamoita, na ndugu watano, nikiwa wa kwanza wao. Ameacha wakwe na shemeji yake Onyango huko Kisegi. Ameacha pia Nyamohanga wa Kehancha, ambaye si wa damu yetu, lakini amesema atawajulia hali watoto kila likizo, na yeye ni mtu wa maneno machache kwa hiyo tunamwamini.

Nimefika mahali ambapo mzee wa ukoo angeuliza, naye ameniruhusu niulize mimi. Yeyote aliyewahi kumwita Hezron Monari mwoga, asimame sasa, mbele ya Zilpah na watoto, aeleze ni mwoga wa nini. Hatapigwa. Hatazomewa. Nitaweka karatasi hii chini na kumsubiri, na akisimama nitamsikiliza hadi amalize, kisha nitakaa na wasifu huu utakuwa umekwisha hapo. Wanaofuatilia katika programu zao wanaona kwamba kuna mistari michache bado. Niliipiga chapa Ijumaa kwa mashine ya shule, kabla sijajua ni nani atakayekuja, kwa sababu nawajua.

Hakuna aliyesimama.

Yakobo mwanangu, umeona. Kesho wakikuita lile jina shuleni, waambie wakawaulize baba zao walikuwa wameketi wapi leo.

Hezron Monari Nyamweya na apate, chini ya udongo huu, amani ambayo sisi hatukumpa juu yake. Amina.